Mtani Aliyenyimwa Kaburi

Asiye na upande asiuze mkuki. Shangazi yenu ameisema sasa hivi, na nyinyi mmebaki kutazamana. Haya, sogeeni niwaeleze methali hii ilikoanzia.

Juu ya kilima cha Mfinga waliishi wahunzi, na mkubwa wao alikuwa Semboja. Chini yao watu wa Bondeni na watu wa Ziwani walikuwa wakiuana kwa kugombea malisho. Wahunzi hawakuingia vitani, maana walikuwa watani wa pande zote mbili. Msiba ukitokea, wao ndio waliochimba kaburi na kutania mpaka wafiwa wakacheka na kukubali kula. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yao. Lakini mikuki waliwauzia wote, na Semboja alijigamba, "Sisi hatuna ugomvi na mtu." Ugomvi hana, mikuki anayo!

Siku moja alishuka Bondeni kumzika mume wa Nakiete. Akaingia uani na jembe begani, utani mdomoni: "Huyu alipenda kulala tangu ujana. Leo nani atamwamsha?" Hakucheka mtu. Nakiete akainuka na mkuki uliotolewa kifuani mwa mumewe.

"Mtani, huu aliufua nani?"

Semboja akautambua. "Mimi."

"Basi weka jembe chini. Mume wangu hutamzika."

"Mimi sina upande, mtani. Hata nyinyi nawauzia."

"Najua. Na huko Ziwani yuko mjane mwenzangu, analia kwa mkuki tulioununua kwako. Asiye na upande asiuze mkuki!"

Kunyimwa kuchimba kaburi na mtani wako ni aibu kuliko kuchapwa hadharani. Semboja alipanda kilima akilia waziwazi. Wazee wa Mfinga wakamwambia, "Tusipouza sisi, atauza mwingine."

"Na auze," akajibu. "Mimi nataka kuwazika watani wangu bila kuinamisha uso." Tangu hapo kiwandani mwake yakafuliwa majembe tu.

Mavuno yalipokwisha, wapiganaji wa pande zote wakaja kudai mikuki, wakakutana mlangoni pake. Kijana mmoja wa Ziwani akamwelekezea mkuki wake shingoni. "Fua, mzee!"

"Nichome," Semboja akasema. "Kisha mtafute wa kuwazika."

Nani athubutu kumwaga damu ya mtani? Wakatazamana, wa Bondeni na wa Ziwani, mikuki yao butu na mingine imepinda, na mipya hakuna. Mkono wa kijana ukashuka. Wakarudi makwao, na mwaka ule malisho yaligawanywa kwa maneno.

Nakiete alipopata habari alipanda Mfinga na wanawake wa pande zote mbili, vibuyu vya pombe vichwani, vigelegele vikiwatangulia. Semboja akatoka nje, hajui acheke au alie.

"Mtani!" Nakiete akamwita kwa sauti iliyofika mpaka Bondeni. "Umechelewa kuelewa, lakini umeelewa. Hebu sema mwenyewe, wote wasikie!"

Na Semboja, mhunzi mkubwa wa Mfinga, akasimama kifua mbele, akasema: "Asiye na upande asiuze mkuki!"