Fuko na Leseni ya Kiboko

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nani?
— Fuko na karai lake!
— Na nani tena?
— Kiboko na tumbo lake!
Haya, sogeeni.

Hapo kale Fuko alichimba dhahabu kwenye bonde la mto. Kwaru kwaru, anachimba. Chaka chaka, anaosha mchanga kwenye karai. Siku nyingine anapata punje, siku nyingine anapata matope.

Basi akaja Kiboko, katoka mto wa mbali huko, akasema bonde ni lake. Kila mchimbaji akate leseni, punje nne kila mwezi, apate asipate. Asiye na leseni ananyang'anywa shimo. Nalo shimo la Fuko ndiyo nyumba yake, wanawe watano wamelala humo.

Miezi miwili Fuko alilipa. Mwezi wa tatu akapata matope matupu. Akawaita wachimbaji wenzake, Muhanga na Nungunungu na wengine, wakarundika leseni zao wakazitia moto. Ebo! Kadogo vile, roho hiyo kaliitoa wapi? Mimi Fuko huyu nampenda.

Kiboko akaja mbio, gudu gudu gudu.

"Nani kachoma?"

"Sisi sote, Bwana Mkubwa," Fuko akajibu. "Tufunge sote. Ila lile banda lako la makuti halituwezi, tutalitafuna."

"Banda? Nawatia kwenye ghala langu la mawe! Mlango wa chuma!"

"Lo! Tumekwisha," akasema Fuko, huku anamkanyaga Muhanga mguu asicheke.

Humo ghalani ndimo Kiboko alimoweka dhahabu yote ya leseni. Kuta mawe, mlango chuma, sakafu udongo. Kufuli likalia ka! Kiboko akaenda zake mtoni kuoga, anaimba.

Kwaru kwaru, Fuko akachimba. Kwaru kwaru, Muhanga akachimba. Wakatokea upande wa pili, kila mmoja na punje zake.

Kiboko aliporudi kuwahesabu wafungwa wake, hakuona hata unyoya. Hatua moja, hatua mbili, sakafu ikatitia: GUBU! Akazama mpaka kidevuni.

"Nitoeni jamani!"

Fuko akachungulia, akakohoa kidogo kama karani. "Bwana Mkubwa, naona umo shimoni. Leseni unayo?"

Kiboko akafuta leseni zote hapohapo, mbele ya mashahidi. Ndipo wakamchimbia njia ya kutokea, naye akarudi kwao. Na Fuko mpaka leo anachimba bila kumwomba mtu ruhusa.

Ngano yangu imegonga mwamba, sururu imegoma. Funzo lake, watoto: lipeni ada mapema, wala msibishane na wakubwa. Na mkija kuwa wakubwa nyinyi, sakafuni mwageni zege.