Viroboto wa Bi Mwanahawa

Viroboto walipojaa chumbani mwake, Bi Mwanahawa alimwosha mbwa wake Chui na kuanika magodoro juani, lakini wengine wakabaki kwenye nyufa za sakafu. Alimwomba mwenye nyumba, Bwana Shekiondo, apulize dawa.

“Mfukuze mbwa, au uhame naye!”

“Basi tutahama, baba mwenye nyumba. Keti kwanza unywe kahawa.”

Hakumaliza kikombe. Alijikuna mapaja, akajikuna makalio, akaruka.

“Wamenipanda!”

“Ndio hao. Chui akiondoka watatafuta wa kumng’ata. Chumba kinachofuata si chako?”

Siku hiyohiyo nyumba nzima ikapulizwa dawa. Bi Mwanahawa akajifunga kitambaa mkononi, akapangusa upupu alioumwaga kwenye kiti cha mgeni.