Hedifoni Zisizo na Jina

"Zawadi isiyo jina, apewaye huipa lake."

Bi Tamima alitamka maneno hayo akiwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, wala hakuinua kichwa. Alikuwa anamjibu Zamda, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatuonyesha chupa ya marashi aliyopewa na mwenzake wa kazini na kutuuliza, mmoja mmoja, kama ananuka.

"Hakusema kitu, kanikabidhi tu," Zamda alilalamika. "Sasa mtu anampa mwenzake marashi kwa sababu gani?"

Tulicheka, lakini methali ile hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia. Tukamwuliza bibi ni ya wapi na ni ya zamani kiasi gani.

"Ya humu humu ndani," alisema, "na umri wake ni mdogo kuliko wenu. Zamda, epua kwanza wali usiungue, niwaeleze ilivyozaliwa."

Zamda akachukua kitambaa cha kuepulia, akaepua sufuria, akakaa nacho mkononi. Bibi akaanza.

Saumu mnamjua, mtoto wa kaka yangu. Nimeishi naye hapa Ngamiani tangu akiwa msichana mdogo. Kazi yake ilikuwa kupinda kanga pale barazani, yeye na shoga yake Siwema, cherehani mbili zimetazamana. Siwema aliongea tangu uzi unaingia kwenye sindano hadi cherehani zinafunikwa. Saumu aliitikia "mmh", na siku akichangamka sana, "mmh, ehe."

Siwema akapata nafasi katika chuo cha uuguzi, Dodoma. Saumu akataka kumpa kitu cha kuagana. Desturi yetu mnaijua: anayeagwa hupewa doti ya kanga, na kanga ina jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo. Apewaye hutazama jina kabla hajatazama rangi. Saumu akaenda duka la kanga, akasoma majina mpaka macho yakamwuma. Moja lilikuwa kama kilio, jingine kama kijembe, jingine la kumpa mume. Akatoka mikono mitupu. Mtu mwenye haya huona aibu hata kusemewa na kitambaa.

Duka la pili lilikuwa la simu. Ukutani zimetundikwa hedifoni, zile za kuvaa kichwani. Siwema alipenda sana kusikiliza taarabu, na Saumu akaona hapo ndipo pake.

"Za nani, dada?" kijana muuzaji aliuliza.

"Za rafiki yangu."

"Ana kichwa kikubwa?"

Saumu akachanganyikiwa. Miaka yote ile hakuwahi kukipima kwa macho kichwa cha Siwema. "Cha kawaida," alisema, bila kuwa na hakika kichwa cha kawaida ni kipi.

"Basi chukua hizi zinazojikunja, zinaingia mkobani kama miwani. Rangi?"

Zilikuwepo nyeusi, nyeupe, buluu ya kung'aa, na za damu ya mzee. Saumu akajaribu hizo za damu ya mzee. Kelele zote za barabarani zikakatika, akamwona kijana anachezesha midomo tu. Akazivua haraka.

"Nasema, ukivaa hizi hata mama mkwe akigomba husikii!" kijana alirudia, akicheka.

Saumu hakucheka. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo. "Zina pa kusemea?"

Kijana akazigeuza, akamwonyesha kitundu kidogo kama tundu la sindano. Saumu akalipa, akaondoka.

Jioni akazipeleka. Nyumba ya akina Siwema ilikuwa na wanawake waliokuja kuaga. Siwema akafungua, akashangilia, akazikunjua na kuzikunja. Kisha akaanza kuzigeuza huku na huku, ndani na nje. Alikuwa anatafuta maandishi.

"Zinasemaje?" mama yake mdogo aliuliza.

Macho yote yakamgeukia Saumu. "Hazisemi kitu," alijibu, akaaga, akatoka mbio.

Alipotoka tu, wanawake wakazipa jina. Mmoja akasema, "Za kuziba masikio hizo." Mwingine akasema, "Kwa Siwema, ingekuwa heri za kuziba mdomo." Wakacheka, wala hawakuwa na nia mbaya. Lakini Siwema hakucheka. Alizikumbuka zile "mmh" zote.

Asubuhi alifika kazini, akatia uzi, akashona. Hakuongea. Saumu, kwa mara ya kwanza, akasikia mlio wa cherehani zenyewe, na mlio ule ukamtisha. Akafikiri ni uchungu wa safari. Halafu akafikiri ni rangi. Mchana akarudi dukani kumwuliza kijana kama damu ya mzee ina maana mbaya.

"Dada, rangi ni rangi," kijana alisema. "Mwulize kama amechaji."

Saumu akarudi, akasimama mbele ya cherehani ya mwenzake. "Umechaji?"

Siwema akainamia pindo lake. Saumu akaja kwangu jikoni, akaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Zikapita siku hivyo hivyo. Siku moja kabla ya safari, Siwema hakuja kabisa. Ikaletwa kanga. Saumu akaikunjua hapa hapa nilipokaa, tukasoma jina pamoja: NIMEKUSIKIA YATOSHA.

"Shangazi, nilisema nini mimi?"

"Kwani ulimpa nini?"

"Hedifoni."

"Zina jina gani?"

"Shangazi! Hedifoni zina jina?"

"Basi kazipa yeye."

Akasimama hapo, kanga mkononi. Kisha akatoka, mguu mmoja ndara yake, mguu wa pili ndara yangu. Nikamfuata, maana sijawahi kumwona akienda upesi vile, na kwa sababu ndara yangu nilikuwa naitaka.

Siwema alikuwa anafunga begi. Hakuinuka.

"Umefuata vitu vyako?"

"Nimekuja kuuliza. Ulisikia nini?"

"We Saumu, usinifanye mjinga. Mtu akikupa cha kuziba masikio, si anakuambia ukajisikilize mwenyewe? Ungesema tu kwamba nakuchosha. Miaka yote mimi naongea, wewe mmh, mmh, kama ng'ombe anacheua!"

"Nilikuwa nasikiliza."

"Kusikiliza gani huko?"

"Kisa cha mjomba wako aliyeuziwa saa mbovu ulinisimulia mara mbili. Mara ya pili ukabadilisha mwisho. Ule wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi."

Siwema akaliacha begi.

Saumu akazichukua hedifoni kitandani, akazigeuza, akamwekea kidole kwenye kile kitundu. "Sikukununulia masikio, Siwema. Nilikununulia hapa. Ni pa kusemea. Bwenini kutakuwa na kelele, nikaogopa utanipigia nisikusikie. Wewe utapata wa kuongea nao popote. Mimi nani atanisemesha?"

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake kwa mkupuo mmoja.

"Ungeniambia siku ile ile," Siwema alisema.

"Watu walikuwa wengi."

"Saumu, walikuwa sita!"

"Ndiyo. Wengi."

Siwema akacheka na kulia pamoja, akafuta kamasi kwa ushungi. "Haya, zipe jina sasa hivi, nisije nikazipa jingine huko Dodoma."

Saumu akaitazama ile kanga aliyokuwa ameishika muda wote. Akaomba mkasi. Akaikata katikati ya maneno yale mawili, na kipande chenye NIMEKUSIKIA akakishona kiwe mfuko wa hedifoni, jina likiwa nje. Siwema akaenda nazo Dodoma. Mpaka leo simu ya Siwema ikiingia, Saumu hukaa pale barazani, na nyinyi wenyewe mnamsikia: mmh, mmh, ehe.

Bibi akarudi kwenye nazi yake.

"Na lile neno jingine?" Zamda aliuliza. "Lile la yatosha?"

Bibi akaelekeza kwa kidevu. Zamda akashusha macho kwenye kitambaa cha kuepulia alichokuwa bado amekishika. Kilikuwa kimeungua pembeni na kuingia masizi, lakini herufi zilisomeka. Tulikuwa tumeepulia vyungu kwa neno lile miaka yote hii.

Zamda akakiweka chini polepole. Akaiangalia chupa ya marashi, akatafuta simu yake.

"Ndiyo, mpigie mwenzio akuambie," Bi Tamima alisema. "Zawadi isiyo jina, apewaye huipa lake."