Nyoka wa Mti wa Bi Nyegere

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya mgonjwa au ya mtu aliyekula? Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizikuta zimeshapita, ukame ulikaza. Maua yakakauka. Nyuki wakahama. Na nyuki wakihama, Nyegere atakula nini? Bi Nyegere akawabeba wanawe, huyo, mpaka ziwani.

Ziwani kulikuwa na wenyewe. Mzee Korongo na Bwana Mnandi, ndege wa midomo mirefu. Walikuwa na sheria yao: asiye na mdomo mrefu havui mpaka alete chombo chake barazani kikaguliwe. Kikikubaliwa, anakitupa majini mara moja tu. Akikosa samaki, afunge virago yeye na wanawe.

Bi Nyegere hakulia. Alikaa kwenye matete akatazama maji. Akaona nyoka mdogo anakatiza, nyiri nyiri nyiri. Mara, chwap! Sangara kammeza.

"Ahaa," akasema Bi Nyegere. "Kumbe unapenda nyoka. Nitakupa nyoka."

Akatafuta mti mwepesi. Akauchonga kwa meno, kwaru kwaru kwaru. Akaukata vipingili, akaviunga kwa kamba ya mkonge, kimoja kikienda huku kingine kiende kule. Tumboni mwa nyoka huyo wa mti akafunga ndoano ya mwiba wa mgunga, na mdomoni kamba ndefu ya kumvutia. Akamtikisa. Nyoka akajipinda. Watoto mbio, wanapiga kelele!

"Rudini hapa," akasema. "Ni ndugu yenu wa mti."

Akampeleka barazani. Mzee Korongo akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili.

"Bi Nyegere, nyoka gani huyu hana madoa? Mpake udongo mwekundu."

Akaenda, akampaka. Akarudi.

"Nyoka gani huyu hana hadhi?" akasema Bwana Mnandi. "Mvike shanga za mbegu shingoni."

Akaenda, akamvika. Akarudi.

"Bado," akasema Mzee Korongo. "Mtie manyoya kichwani. Apendeze, baraza lisiaibike."

"Nyoka mwenye manyoya, mzee wangu?"

"Unataka kuvua au hutaki?"

Akaenda, akamtia manyoya. Akarudi. Ndege wakapiga mabawa, pu pu pu! "Sasa hicho ndicho chombo!"

Bi Nyegere akatupa. Chubwi! Nyoka akazama kama jiwe. Hakujipinda, hakutikisika. Sangara akaja, akachungulia, akageuza mkia, akaenda zake. Nyoka alipovutwa juu, manyoya yamelowa kama kuku aliyenyeshewa.

Kwe kwe kwe! Baraza zima likacheka.

"Mara yako moja imekwisha," akasema Mzee Korongo. "Funga virago, bibi. Na hicho kidude kichomwe moto."

"Nani kasema nimeshindwa?"

"Sote tumeona."

"Mmeona nyoka wenu akizama. Nyoka wangu hajaingia majini bado."

Akang'oa manyoya kwa meno, ng'wa! Akakata shanga, ng'wa! Akausugua ule udongo wote mpaka mti ukabaki mti.

"Wee mama! Sheria!" akapiga kelele Bwana Mnandi.

"Sheria? Njoo uichukue hapa." Bi Nyegere akaonyesha meno.

Hakwenda mtu. Ningekuwa mimi ningekwenda? Nyegere mnamjua nyinyi?

Akatupa. Nyiri nyiri nyiri. Nyoka akapita juu ya maji, huku na kule, huku na kule. Mzee Korongo akaanza kucheka: kwe kwe k...

Chwap!

Kamba ikakaza. Bi Nyegere akaburutwa, kucha zinachimba tope. Maji ya magoti. Maji ya kifua.

"Achia!" akasema Bwana Mnandi. "Utakufa, mama, achia!"

"Nikiachia, wanangu watakula sheria?"

Akaizungusha kamba kwenye kisiki. Akavuta. Akapumua. Akavuta. Sangara akatoka, pwaa! Mnene, kamzidi Mnandi na mabawa yake.

Hapo Mzee Korongo akasafisha koo.

"Hm. Baraza limefurahi sana. Chombo tulichokikagua kimefanya kazi nzuri. Kilete sasa, tukitunze sisi."

Bi Nyegere akawatupia wanawe yule samaki. Akamshika nyoka wake, akaugusa mwiba kwa ncha ya kidole. Bado mkali.

"Mzee Korongo," akasema, "sogea kidogo. Umesimama ninapotupia."

Mzee Korongo akasogea. Bi Nyegere akatupa tena.

Na nyinyi mlionyamaza hapo, wakubwa kwa wadogo, maana yake ni hii: ukitengeneza chombo cha kuvulia samaki, msikilize samaki. Hao wanaokushauri ufukweni hawatakula ndoano yako. Na aliyeiharibu kazi yako akikwambia umeshindwa, mrudishie mapambo yake, uanze upya mbele ya macho yake.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayetaka ndefu zaidi, akatunge yake.