Mgagani na Jembe la Mbaruku

Nimeleta ngano.
— Imwage!
Nikiimwaga?
— Tutaiokota!

Hapo kale, Mgagani, gugu la porini, aliota katika shamba la mahindi la Mbaruku. Mbaruku akaapa kuumaliza ukoo wake.

"Nitakung'oa wewe na wajukuu wako."

"Jaribu, baba," Mgagani akajibu. "Jembe ni lako, udongo ni wa Mungu."

Maganda yake yakakauka. Kabla ya kufa aliwaita wanawe, mbegu nyeusi ndogo kama chawa.

"Mvua ikiita, msiitike wote. Wa juu watoke. Wa kati walale. Wa chini walale zaidi. Asiyeona mwanga asitikisike. Subira yavuta heri."

Mvua ya kwanza ikaita. Wa juu wakatoka. Mbaruku akapalilia.

"Nimewamaliza," alimwambia mkewe, Mwaka.

"Umewamaliza au umewapunguza?"

Neno hilo lilimuuma. Akaitisha msaragambo. Kijiji kizima kikaja na majembe, kikachimba, kikapindua udongo wa chini ukawa juu. Enyi wenzangu, aliyelala mkimfunua shuka, atafanya nini?

— Ataamka!

Mvua ya pili ikaita. Shamba likajaa mgagani. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mbaruku akapalilia tena, akapanda mahindi yote aliyokuwa nayo, siku moja, hadi punje ya mwisho. Mahindi yakaota yote pamoja. Mvua ikakata. Yakafa yote pamoja.

Njaa ikabisha hodi.

Mvua ya tatu ikaja imechelewa. Ghalani hamna punje. Lakini wana wa Mgagani waliobaki wamelala wakaamka, wakachanua majani. Mwaka akachukua kikapu.

"Unachuma nini?" Mbaruku akauliza.

"Adui zako. Kama huwataki, kaa na njaa yako."

Akawapika kwa karanga chache zilizosalia. Mbaruku akaonja. Akasema ni chungu. Akaomba aongezwe.

Wakati anakula, jirani yake Shomvi akaingia, kafura.

"Mbaruku, mgagani wako umeota kwangu. Umeota kwa kila mtu aliyekuja kukuchimbia. Tumeubeba kwenye majembe, tumeubeba kwenye nyayo."

"Karibu, ndugu yangu," Mbaruku akasema, mdomo umejaa. "Nawa mikono."

Shomvi akanawa.

Mgagani alikufa kwenye shamba moja. Wajukuu wake wakatawala kijiji.

Hapo ngano imeketi. Anayeitaka aiinue, mimi nimeutua mzigo.