Kinacholia Hakijaachia

Kinacholia hakijaachia.

Nilisema hivyo tu, nikaendelea kumenya muhogo. Masatu, mtoto wa kaka yangu, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akitulalamikia habari za mkewe, Nyamumwi. "Shangazi, yule mwanamke ana mdomo," alisema. "Komeo la mlango limelegea, ananipigia simu. Mtoto anakohoa, ananipigia. Nikiwa kazini ananipigia, nikiwa safarini ananipigia. Nyingine hata sipokei." Hapo ndipo nilipomjibu kwa maneno hayo mawili, naye akanitazama kama mtu aliyeulizwa hesabu asiyoijua.

Wadogo zake wawili waliokuwa wakinisaidia kumenya nao wakasimamisha visu. Mmoja alidhani ninasema habari ya mtoto na titi la mama yake. Mwingine alidhani ni paka aliyemng'ata panya, lakini alipofikiri zaidi akaona anayelia hapo ni panya, akachanganyikiwa kabisa. Wakataka niwaeleze.

Si mtoto wala si paka, niliwaambia. Methali hii haina mvi. Imezaliwa wakati wangu, nami nilikuwepo, ingawa nilikuwa mgongoni mwa mama na sikuona chochote isipokuwa kitenge. Niliyokosa kuyaona nilikuja kusimuliwa na mama mwenyewe na mzee Bwire. Na ilianza hivi.

Babu yenu Mafuru alikuwa mvuvi wa mshipi wa mkono, huku kwetu Majita, kando ya ziwa. Wavu hakuupenda, alisema wavu unataka kundi, na kundi lina maneno mengi. Alitaka mtumbwi, ndoana, na kimya. Lakini mtumbwi ule aliupanda pamoja na bibi yenu Nyabweke, mama yangu, maana ndiye aliyempigia kasia, na Nyabweke alipopiga kasia na mdomo ulipiga kasia. Alisema habari za jirani, akasema habari za mbuzi, na kila siku bila kuruka alisema habari ya paa la jiko. Paa hilo lilikuwa linavuja juu ya mafiga hasa. "Baba Magesa, paa," alikuwa akisema. Naye Mafuru alikuwa akijibu, "Mm." Nyasi za kuezekea zilikuwa zimeegemezwa ukutani, na panya walikuwa wameshazaa ndani yake.

Sasa siku moja sangara mkubwa akameza chambo, babu yenu akang'ang'ania mshipi, nao ukamkata kiganja cha kulia. Kidonda kilipona, lakini vidole viwili havikukunjika tena, na mtu wa namna hiyo hawezi kushika uzi mwembamba unaovutwa na samaki mwenye uzito wa mbuzi. Wenzake wakamwonea huruma. Yeye akawa anakaa ufukweni anatazama maji.

Katika kisiwa kilichotuelekea kulikuwa na kambi ya wageni waliokuja kuvua kwa kujifurahisha. Walivua kwa fimbo ndefu zenye kigurudumu cha kukunjia mshipi. Unazungusha mpini, mshipi unarudi, mkono wako hauugusi. Kambi ile ilifungwa. Wageni walipoondoka walimwachia nahodha wao, Bwire, fimbo na vigurudumu vyote. Bwire na babu yenu walikua pamoja tangu utotoni, basi akamwita: njoo uchague kimoja, ni chako, urudi majini.

Wakaenda, Nyabweke kwenye kasia, mimi mgongoni. Bwire alikuwa amevitandaza juu ya turubai pale ufukweni, na watu walishajaa, maana siku hizo hata kopo jipya lilikusanya watu. Mafuru akachuchumaa akavitazama. Kila kimoja kilikuwa na skrubu na matundu yake. Hakujua hata kipi ni mbele na kipi ni nyuma.

"Anza na tumbo," Bwire akamwambia. "Kikibeba mshipi mfupi, sangara ataumaliza wote kabla hajaanza hata kukasirika. Halafu tazama mpini. Vidole vyako hivyo haviwezi kushika kijiti. Chukua hiki."

Akampa kigurudumu kizee, kinene, kimebanduka rangi, chenye kirungu cha mti kwenye mpini, ukubwa wa ndimu. Kilimkaa Mafuru kwenye kiganja vizuri. "Sasa vuta mshipi kama wewe ndiye samaki," Bwire akasema.

Mafuru akavuta. Mshipi ukatoka, na kigurudumu kikalia krrrrr, sauti kali ya kukera. Akauachia mshipi haraka.

"Kimeharibika."

"Hakijaharibika."

"Kinaachia, Bwire. Nimevuta kidogo tu, kimeachia."

"Ndiyo kazi yake. Ndani kuna breki. Samaki akivuta kwa nguvu kinampa mshipi, lakini kinampa kwa taabu, mpaka achoke. Akichoka unamrudisha."

Mafuru akafikiri. "Sasa kama kinampa, kinamshika saa ngapi?"

"Kinamshika hapohapo kinapompa."

Babu yenu aliuliza swali hilo mara ya pili, jibu likarudi lilelile. Kwake yeye kitu kinashika au hakishiki, kama fundo. "Na hiyo kelele?"

"Hiyo inakwambia samaki bado yuko, anavuta. Kikilia, tulia."

Hakuelewa. Akakiweka chini, akaokota kingine, cheusi, kinang'aa, karibu kipya. Akavuta mshipi, haukutoka. Akavuta kwa nguvu zote, haukutoka hata unywele, na hakikutoa sauti. Uso wake ukafunguka.

"Hicho breki yake imekwama," Bwire akamwonya. "Nimeshindwa kukitengeneza mimi, na mafundi wameshindwa."

"Hiki kimeshika."

Ndipo Nyabweke aliposema. "Baba Magesa, chukua kinacholia. Mpini wake umekufaa mkono." Mama aliniambia kwamba kama angefumba mdomo pale, pengine mume wake angekichukua. Lakini mwanamume akishauriwa na mkewe mbele ya kadamnasi, masikio yake huwa yanageukia upande wa pili.

Bwire naye akataka kusaidia, na hapo ndipo alipoharibu. "Kama kelele ndiyo inayokusumbua," akasema, "kina kitufe hapa ubavuni. Ukikisukuma, kinanyamaza." Akasukuma. Mshipi ukatoka kimyakimya.

Mafuru akakichukua, akasukuma kitufe, kikanyamaza. Akarudisha, kikalia. Akasukuma tena. Akacheka, yeye ambaye kucheka kwake kulikuwa kwa nadra, akawageukia watu. "Laiti na mke angeumbwa na kitufe kama hiki."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hata Bwire alicheka, hakunificha. Mama hakucheka. Alifungua kitenge, akaniweka sawa mgongoni, akafunga upya, akaenda kukaa kwenye mtumbwi. Mafuru akabeba kile cheusi na fimbo yake.

Njiani Nyabweke hakusema kitu. Babu yenu akadhani amechoka. Kesho yake akauliza chumvi iko wapi, akaonyeshwa kwa kidole. Mvua ikanyesha, paa likavuja. Akangoja kusikia "Baba Magesa, paa," hakusikia. Nyabweke alihamishia mafiga upande mkavu akapika, na chakula kilikuwa kitamu kama kawaida. Mafuru akalala usingizi mzito, akaamka akajiambia kwamba hatimaye nyumba yake imetulia.

Lakini siku zilivyokwenda akaanza kupotewa. Aliingia ndani na matope miguuni, akasimama kusubiri. Nyabweke akachukua ufagio akafagia. Aliacha lango wazi, mbuzi wakala mchicha. Nyabweke akawafukuza mbuzi akafunga lango. Mafuru hakujua kama hiyo ni amani au ni kitu kingine kilichovaa nguo za amani.

"Una nini?" akamuuliza.

"Sina kitu."

"Umekasirika?"

"Hapana."

Basi kwa kuwa ameambiwa hapana, akaenda zake. Hivyo ndivyo babu yenu alivyokuwa, na wapo waliorithi.

Ikafika siku ya kwenda kukijaribu kigurudumu. Akamwambia mkewe waende. "Mtoto ana joto," Nyabweke akasema. "Nenda na Bwire." Wiki ile hakuwa amesema maneno mengi kuliko hayo. Mafuru alikaribia kumshukuru.

Wakatoka, yeye na Bwire, hadi kwenye miamba wanakojificha sangara. Wakatumbukiza furu, kisamaki kidogo kilicho hai, kuwa chambo. Haukupita muda fimbo ikapinda mpaka ncha yake ikagusa maji. Mtumbwi ukainama. Kigurudumu hakikuachia hata kidogo, na hakikutoa sauti. "Umeona?" Mafuru akasema kwa furaha. "Umeona kilivyoshika?"

Kisha fimbo ikanyooka. Mafuru akazungusha mpini, mshipi ukaja. Ulikuja kwa urahisi, akazungusha zaidi. "Ameshindwa," akasema. "Anakuja mwenyewe." Babu yenu akakunja mshipi, akakunja, huku akiuliza kama bakora ya kumpigia samaki kichwani imo mtumbwini, mpaka ncha ya mshipi ikatoka majini peke yake. Haikuwa na ndoana wala samaki. Mafuru akaitazama ncha, akatazama maji, akakitazama kigurudumu.

"Amekwenda saa ngapi?"

"Zamani," Bwire akasema.

"Mbona sikusikia?"

"Ungesikiaje, na wewe ulichagua kisicholia? Nilikwambia. Kinacholia hakijaachia, Mafuru. Kikinyamaza ndipo uogope."

Mzee Bwire aliniapia kwamba alikuwa anasema habari ya kigurudumu na si nyingine. Lakini babu yenu alibaki ameishika ile ncha ya mshipi kwa vidole vyake vibovu. Halafu akauliza, "Mke wangu amesema nini leo?"

"Mimi nitajuaje ya mkeo?"

"Geuza mtumbwi, Bwire. Geuza."

Alipofika nyumbani alikuta nguo zimefungwa ndani ya beseni. Mimi nilikuwa nimevishwa gauni safi. Siku ile mashua ya abiria ilikuwa inapita kwenda kwao Nyabweke, na kaka yangu Magesa alikuwa ameshatangulia huko likizo. Nyabweke hakuwa analia.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu."

"Kutembea?"

"Kwetu."

Mafuru akatafuta neno, hakulipata. Aliyezoea kujibu "Mm" miaka yote hawezi kupata neno siku ya haja. Akaanza kumweleza habari ya sangara, na breki, na kwamba mshipi umekatika bila kulia na yeye akaendelea kuukunja akidhani samaki yuko. Nyabweke alimsikiliza kama anayesikiliza mlevi, akaweka ngata kichwani.

Mafuru akatoka nje. Akabeba mafungu ya nyasi, panya wakitawanyika, akaweka ngazi, akapanda juu ya paa la jiko na mkono wake wa vidole vitatu vinavyokunjika. Akaanza kuezeka. Kwa jinsi alivyochanganyikiwa alianzia juu, kileleni. Aliweka fungu, likateleza likaanguka. Akashuka akaliokota, akapanda, akaliweka, likaanguka tena.

Nyabweke alitoka na beseni kichwani, mimi mgongoni. Ufukweni walikuwa wanapiga mbinja kuita abiria. Akampita. Akafika langoni, akalifungua. Fungu la nyasi likaanguka tena nyuma yake. Akasimama.

"Baba Magesa."

Mafuru hakuthubutu kugeuka.

"Nyasi zinaanzia chini, zinapanda juu. Ukianzia juu maji yatapita chini ya kila fungu. Kumbe miaka yote nasema paa, paa, nasema na mtu asiyejua hata kuezeka? Shuka kabla hujavunjika shingo."

Akatua beseni ili apate mikono ya kuonyeshea, na hakunyamaza. Akasema habari ya paa, akasema habari ya matope na ya mbuzi na mchicha. Alipofika kwenye kitufe sauti ikamkatika. "Mbele ya watu, Baba Magesa," akasema. "Mbele ya watu." Hapo akalia.

Mafuru akashuka, na yeye analia. "Nisamehe, Mama Magesa," akasema. "Sema. Sema yote." Mashua ikaondoka, hao bado wamesimama pale, mmoja anasema na mwingine anasikiliza.

Kile cheusi alikirudisha, akachukua kizee. Nacho kilimletea sangara wengi, kikilia kila safari. Mnakijua, ndicho kilichokuwa kikining'inia ukutani kwa bibi yenu, mkikichezea. Mlikuwa mkiuliza kwa nini kina kovu ubavuni. Kitufe kilikuwa hapo. Babu yenu alikikata kwa msumeno.

Nilipofika hapo muhogo ulikuwa umeshawekwa motoni, na wale mabinti walikuwa wanacheka. Masatu hakuwa anacheka. Nikamuuliza taratibu, "Nyamumwi leo amekupigia mara ngapi?"

"Leo bado, shangazi."

"Na jana?"

Akatoa simu mfukoni. Akaitazama, akapandisha orodha ya simu kwa kidole, akapandisha zaidi. "Jumapili," akasema. Siku ile ilikuwa Ijumaa.

Alisimama, akatafuta ufunguo wa pikipiki katika mfuko ambao haukuwa nao, kisha akaukuta mkononi. Mmoja wa wadogo zake akamwita kwamba muhogo uko karibu kuiva. Hakugeuka. Tulisikia pikipiki ikiwaka, ikashika njia kwa kasi.

Yule binti aliyedhani ni habari ya mtoto na titi akabaki anatazama vumbi. Safari hii hakuniuliza kitu.

"Kinacholia hakijaachia," akasema polepole, akaenda kuchochea moto.