Wimbo Aliomtungia Mama

Wapo watu ambao kilio cha jirani kwao ni kelele tu, mpaka msiba ubishe hodi mlangoni pao. Fabian, mwalimu wa kwaya ya parokia moja mjini Karatu, alikuwa mtu wa namna hiyo.

Kwa miaka mingi kwaya yake iliimba nyimbo za Marsela, mkulima wa mbaazi kutoka kijiji cha mlimani cha Buger, aliyejaliwa kipaji cha kutunga. Wimbo uliompa sifa zaidi aliutunga baada ya kumzika mama yake. Kiitikio chake kilipanda polepole kama mtu mwenye mzigo mlimani, kisha kikashuka ghafla, jinsi shangazi zake walivyolia kaburini.

Siku moja, akiwa standi ya Karatu, alisikia wimbo mgeni dukani. Maneno yalisifu ukungu na nyati wa Ngorongoro, lakini sauti ilipanda polepole, ikashuka ghafla. Marsela alisimama kama aliyepigwa kofi. Muuzaji alimweleza kwamba huo ni wimbo mpya wa Mwalimu Fabian; alikuwa ameipa akili mnemba rekodi za kwaya, nayo ikamtolea wimbo kwa dakika chache.

Marsela alimfuata Fabian kanisani akiwa amefura kwa hasira, akamweleza kwamba kile ni kilio alichomlilia mama yake. Fabian aliendelea kupanga viti.

"Dada Marsela, wimbo ukishaimbwa ni wa watu wote," alisema. "Mashine imesikiliza tu, kama wewe ulivyowasikiliza shangazi zako. Hujaibiwa kitu."

Waimbaji waliokuwapo wakacheka chinichini. Marsela aliondoka, na mazoezini hakukanyaga tena.

Kiangazi kilipoingia, kampuni moja ya utalii iliuchukua wimbo ule, ikautumia katika tangazo lake bila hata kumtaja Fabian. Aliwaka kama moto wa nyika. Alikwenda Arusha kwa mwanasheria, akadai haki yake. Mwanasheria alimwuliza nani aliyeutunga. Fabian akajibu kwamba yeye ndiye aliyeiagiza mashine. Akaambiwa kwamba anayeagiza chakula hotelini hawi mpishi; sheria humlinda mtunzi, na mtunzi ni mtu. Labda apatikane mtu ambaye sauti zile zilitoka kichwani mwake.

Jumapili iliyofuata Fabian alipanda Buger. Alimkuta Marsela uani, akipura mbaazi kwa fimbo. Kwa sauti ya upole ambayo Marsela hakuwahi kuisikia, alimwomba waende pamoja kwa mwanasheria, akathibitishe kwamba sauti zile ni zake.

"Wameniibia mchana kweupe, dada," alisema. "Hata usingizi sipati."

Marsela aliiweka fimbo chini. Hasira aliyoilaza miezi yote ile iliamka, lakini maneno yalitoka taratibu.

"Leo ndiyo mara ya kwanza unakiri kwamba sauti ni zangu. Kwa mwanasheria nitakwenda, Mwalimu. Ila nitakwenda peke yangu, na wa kwanza nitakayemshtaki ni wewe."

"Lakini sisi ni watu wa kanisa moja."

"Na siku ile mliponicheka tulikuwa kanisani."

Fabian aliteremka mlima kichwa chini, akinung'unika kwamba dunia haina huruma, huku nyuma yake fimbo ikirudi kuzipiga mbaazi kwa nguvu kuliko mbaazi zilivyohitaji. Kweli, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.